Mbegu za mangostini zilizonifikia zikiwa zimekauka

Muuzaji ninayemzungumzia yuko Dar es Salaam na hunadi mbegu za matunda adimu mtandaoni. Picha zake zinavutia, hasa ile ya mangostini iliyokatwa nusu, nyama yake nyeupe ikichungulia ndani ya ganda la zambarau iliyokoza. Nilituma pesa, na baada ya kusubiri kwa muda uliozidi ahadi yake, kifurushi kikafika Tanga kwa basi.

Ndani yake mlikuwa na kimfuko cha nailoni chenye mbegu za kahawia, nyepesi, zilizokuwa zikigongana kama njugu. Nilipasua moja kwa wembe, nikaikuta imesinyaa na kuwa ngumu, haina unyevu hata chembe. Aliyewahi kuotesha mangostini anajua maana yake. Mbegu hii haianikwi. Ikishatolewa kwenye tunda huoshwa nyama, ikafungwa katika kitu chenye unyevunyevu na kupandwa mapema iwezekanavyo, kwa sababu ikikauka hufa. Doriani na shokishoki nazo ni hivyo hivyo, na mkulima yeyote wa Unguja angemweleza hayo bila malipo.

Kabla ya malipo nilikuwa "bosi wangu". Nilipompigia simu kumweleza hali ya mbegu, nikageuka "wewe mzee".

"Wewe mzee, mbegu ni mbegu," aliniambia. "Hata mahindi hukaushwa kabla ya kupandwa. Wewe umezimwagia maji mengi."

Sikuwa nimepanda hata moja! Nilipoanza kumjibu, akakata simu, na tangu hapo hapokei.

Haki yake nisimnyime, hata hivyo. Shokishoki alizoniuzia kabla ya hapo zilifika zikiwa zimefungwa vizuri ndani ya unga wa makumbi ya nazi uliolowanishwa kwa kiasi, na nyingi ziliota. Miche yake iko kwenye viriba kivulini, majani yanang'aa, na kila nikiitazama hasira hupungua kiasi kwamba nilikaribia kuyafuta maneno haya.

Kisha nikakumbuka kwamba aliniahidi kuvuna shokishoki hizo baada ya miaka miwili. Mshokishoki uliooteshwa kwa mbegu unaweza kuchukua miaka 5, 6 au zaidi, tena unaweza kuwa dume usizae kabisa; ndiyo maana wenye mashamba hupendelea miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kijiti kilichokatwa kutoka kwenye mti ambao matunda yake yanajulikana. Mangostini haina shaka hiyo, kwa kuwa mbegu yake hutokea bila uchavushaji na mche hufanana na mama yake, ingawa mpandaji anaweza kungoja miaka 8 au 10 kabla ya kuonja tunda. Kwa hiyo mtu anayekuuzia mbegu mfu, msimu ukapita, amekuongezea mwaka mwingine juu ya miaka yote hiyo, halafu anakuambia habari za mahindi.

Pesa yangu hajairudisha. Nilikusudia kuandika kwamba asinunuliwe kitu chochote, lakini ile miche ya shokishoki inanisuta. Basi shokishoki nunueni, mradi akubali kutuma matunda mazima yenye maganda yake, mkayapasue wenyewe. Mangostini zake, hata akizitoa bure, mwachieni azipande pamoja na hayo mahindi yake.