Gettysburg, Pennsylvania: anzia upande wa walioshindwa

Hapa ndipo mwaka 1863, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, jeshi la majimbo ya Kaskazini lilipolishinda la Kusini. Kuingia kwenye uwanja wa vita wa Gettysburg ni bure, na kuegesha gari ni bure. Kinacholipiwa ni makumbusho na mwongozaji. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, lipia mwongozaji.

Waongozaji wa hapa wana leseni, utaratibu ulioanza mwaka 1915, na hakuna anayeipata bila kufaulu mtihani wa kuandika na wa mdomo. Ziara ya kawaida ni saa mbili. Mwongozaji huingia kwenye gari lako na kushika usukani mwenyewe, ninyi mkabaki kutazama nje. Bei ni ya gari, si ya kichwa: gari dogo la watu sita hulipa sawa na la mtu mmoja. Siku za mwanzo wa Julai, kumbukumbu ya vita yenyewe (tarehe 1 hadi 3 Julai 1863), nafasi huisha mapema, kwa hiyo weka yako kabla ya safari.

Kabla gari halijaondoka, mwambie unataka nini. Usipomwambia utapewa majenerali: Lee, mkuu wa jeshi la Kusini, alitaka hivi, Longstreet aliye chini yake alisitasita, Meade wa Kaskazini alilaumiwa. Saa mbili zimekwisha, na askari wa kawaida hujamwona. Sema hivi: nataka kufuata rejimenti mbili (vikosi vya watu mia kadhaa) zilizopigana uso kwa uso.

Mfano mzuri kuliko yote uko kwenye kijimsitu cha Herbst, magharibi mwa mji. Siku ya kwanza rejimenti ya 24 ya Michigan, ya Kaskazini, iliingia hapo na watu 496 ikapoteza 363, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Iliyokuja kuwatoa ilikuwa ya 26 ya North Carolina, ya Kusini, watu wapatao 800, na mchana huohuo ikapoteza zaidi ya nusu. Kanali wake, Henry Burgwyn, alikuwa na miaka 21. Alipigwa risasi akiwa na bendera mkononi, baada ya washika bendera kadhaa kuanguka mmoja baada ya mwingine. Shukeni kwenye gari. Miti si mingi, na kijito cha Willoughby Run kilichovukwa na Wakusini ni chembamba hivi kwamba wengi hukipita bila kukitambua. Ukisimama ukingoni na kutazama mteremko ndipo unapoona jinsi pande hizo mbili zilivyokaribiana.

Sasa kasoro kubwa ya Gettysburg: karibu kila kitu kimepangwa ukitazame kutoka Kaskazini. Minara ya kumbukumbu imezidi 1,300, na mingi ni ya rejimenti za Kaskazini, iliyosimamishwa miaka ya 1880 na maveterani wenyewe. Mnara wa kwanza wa jimbo la Kusini, wa Virginia, haukuzinduliwa mpaka 1917. Hata ule mchoro wa duara ndani ya makumbusho, kazi ya Mfaransa Paul Philippoteaux ya mwaka 1884, wenye urefu wa mita 115 hivi, unakusimamisha nyuma ya mstari wa Kaskazini ukiwatazama Wakusini wakija. Unatoka ukijua walivyoonekana, lakini walichokiona wao hukijui.

Dawa yake ni miguu. Nenda kwenye mnara wa Virginia. Juu yake yupo Lee na farasi wake, lakini wewe tazama sanamu saba za chini: msomi, fundi, msanii, mvulana, mfanyabiashara, mkulima na kijana. Utumwa, ambao ndio uliozaa vita nzima ya Kaskazini na Kusini, hautajwi popote hapo. Kisha geuka utembee hadi kwenye ukuta wa mawe upande wa pili, karibu kilomita moja na nusu, njia ileile ya askari wa Kusini wapatao 12,500 walioshambulia mchana wa tarehe 3. Ukiwa barabarani uwanja unaonekana kama sinia. Ukitembea unagundua una mabonde madogo: dakika hii unauona ukuta, dakika inayofuata umezama, halafu unaibuka karibu zaidi, na mizinga ingekuwa inakusubiri. Katikati kuna barabara ya Emmitsburg, na siku ile ilikuwa na uzio imara wa mbao kila upande. Aliyepanda kuuvuka aligeuka shabaha. Leo tatizo ni magari yaendayo kasi, basi vuka kwa tahadhari. Hesabu dakika 20 hadi 30, vaa suruali ndefu, na ukirudi jikague kupe.

Wikendi za kiangazi huwa kuna maonyesho ya kufyatua gobori. Watu hutazama moshi. Wewe tazama mikono. Askari alibeba risasi 40 mkobani. Anang'ata karatasi ya risasi (asiye na meno ya mbele hakufaa kuandikishwa), anamimina baruti gramu nne hivi, anaingiza risasi, anashindilia kwa mdeki, anaurudisha mdeki mahali pake, anaweka fataki (kidude cha kuwashia baruti), ndipo anafyatua. Mwenye mazoezi alifikisha mara tatu kwa dakika. Kosa la kawaida lilikuwa kusahau fataki: kwa kelele zile, hata asiyefyatua alidhani amefyatua, akashindilia nyingine juu yake. Baada ya vita ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na takribani 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, maelfu zikiwa na risasi mbili au zaidi. Kwa kazi hiyo kuruta wa Kaskazini alilipwa dola 13 kwa mwezi, wa Kusini dola 11 za noti zilizokuwa zikiporomoka thamani.

Makumbusho yenyewe ni mazuri, hasa kwenye makabati ya vitu vidogo vya askari. Mchoro wa duara huonyeshwa kwa saa maalumu, kwa hiyo angalia muda kwenye tiketi kabla hujazama kwenye makabati.

Usiipite nyumba nyeupe ndogo ya Abraham Brian, mkulima mweusi huru. Alikimbia kabla ya vita, maana jeshi la Lee lilikuwa likikamata weusi wa Pennsylvania na kuwapeleka Kusini utumwani. Baadaye alidai fidia ya dola 1,028, akapewa 15.

Malizia makaburini, ambako hakuna kiingilio. Mawe yamelazwa usawa wa ardhi kwa nusu duara, kila jimbo na fungu lake, afisa na kuruta bega kwa bega. Ni ya Kaskazini tu: maiti za Kusini zilibaki mashambani hadi miaka ya 1870 zilipohamishiwa kwao, nyingi Richmond. Isipokuwa wachache waliochanganywa kwa makosa, ambao wamelala hapo hadi leo chini ya majina ya majimbo ya adui. Wasiojulikana ni 979, kila mmoja na kijiwe cha marumaru chenye namba tu.