Mashine ndogo ya presha ya kuoshea gari nyumbani: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana wengi mnatafuta hilo tu. Kama una tanki la maji nyumbani, umeme uko karibu na unapoegesha, na gari lako ni dogo kama IST, Vitz au Passo, nunua. Kama unakaa ghorofani na gari linalala nje ya geti, acha, endelea kuwapa vijana wa kuosha magari pesa yao. Na kama unadhani mashine yenyewe ndiyo itakayong'arisha gari, soma kwanza kabla hujashuka Kariakoo.

Yangu ni ya umeme, ile ya kubeba kwa mkono mmoja, wati 1,400. Niliichukua kwa shilingi 190,000 baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 260,000. Ndani ya boksi kuna bunduki ya kurushia maji, mpira wa presha wa mita tano, mpira wa kuvutia maji wenye chujio mwishoni, nozeli ya kuzungusha na kichupa cha povu. Jina lililobandikwa ubavuni silitaji kwa sababu halina maana yoyote. Pale mtaani kila duka lina jina lake, na kwa macho yangu ni mashine ileile iliyobadilishwa rangi.

Kilichonifanya nitoe pesa ni kwamba inavuta maji yenyewe kutoka kwenye ndoo. Huku kwetu Kinyerezi bomba ni la mgao, na hata siku yanapotoka yanatiririka kwa unyonge. Mashine inayotaka kufungwa kwenye koki yenye nguvu ingebaki pambo la stoo. Hii naiweka kando ya pipa, nazamisha mpira, kazi inaanza. Ila ina masharti. Mpira wa kuvutia lazima ujae maji kabla ya kuwasha, la sivyo pampu inavuta hewa, inatoa mlio mkavu na bunduki inatema mate tu. Dawa yake ni kuuzamisha mpira wote kwenye pipa mpaka viputo vya hewa viishe, kisha kuufunga kwenye mashine huku ncha yenye chujio ikiwa bado majini. Halafu unawasha bila nozeli, unaacha maji yatiririke mpaka yaache kukatika-katika, ndipo unafunga nozeli. Pipa liwe usawa wa mashine au juu kidogo. Usiiache izunguke kavu hata ukiitwa simu, kwa sababu maji ndiyo yanayopoza pampu na vile vimpira vyake vya ndani.

Kuhusu maji, boksi linasema lita 5.5 kwa dakika. Niliielekeza kwenye ndoo ya lita 20 nikaangalia saa, na ikajaa baada ya dakika tatu na nusu na ushee, kwa hiyo hapo hawakudanganya. Mpira wa kawaida wa bustani kwa jirani yangu, ambaye presha yake ni nzuri, unaijaza ndoo ileile kwa dakika moja na nusu hivi. Kwa anayenunua maji ya boza tofauti hiyo ni pesa. Kwa kuwa bunduki huishikilii muda wote, bali unabonyeza na kuachia, gari dogo linamalizika kwa ndoo tatu, labda nne likiwa na tope la masika. Umeme ni mdogo kuliko nilivyotegemea, kwani motari inazima yenyewe ukiachia kifyatulio, na osho moja halifikishi hata nusu uniti ya LUKU.

Sasa kichupa cha povu kilichokuja nayo. Kitupe. Kinachotoka si povu, ni maji ya sabuni, na yanakuwa yameshateremka hadi chini kabla hujamaliza upande wa pili wa gari. Nilinunua bunduki ya povu ya kujitegemea yenye chupa ya lita moja, 25,000, nikahakikisha kiungio chake kinaingiliana na bunduki yangu (nenda na bunduki dukani, usiende na picha). Povu la hii linakaa kwenye mlango dakika kadhaa, na hapo ndipo kazi ilipo. Watu wanalipenda kwa sababu linapendeza kwenye video, lakini shughuli yake halisi ni kulainisha vumbi na mchanga ili vitoke bila kuguswa na mkono.

Na hapa ndipo pesa ya gari inapookolewa au kupotea. Gari langu ni jeusi. Liweke juani saa nne asubuhi, simama upande wa boneti, utaona mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui. Hiyo haikuletwa na barabara. Imeletwa na kitambaa. Kitambaa kilichotoka kufuta rimu ya lori, kikasuuzwa kidogo kwenye ndoo yenye maji ya kahawia, kisha kikapita kwenye boneti yangu kwa nguvu zote za kijana aliyekuwa na haraka ya kumpokea mteja mwingine. Vumbi letu la kiangazi ni mchanga mtupu. Ukilisugua likiwa kavu, unapiga msasa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Naanza na rimu na tairi, kwa ndoo yake na brashi yake, ambazo hazigusi bodi kamwe, kwa sababu unga mweusi wa breki una chembe za chuma. Kisha napiga maji gari zima kutoka juu kwenda chini, naweka povu, nasubiri bila kuliacha likauke, napiga maji tena. Mpaka hapo mkono haujagusa rangi. Ndipo naleta ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya maji matupu. Glavu ya maikrofaiba inaingia kwenye shampuu, inapita paa, inasuuzwa kwenye maji matupu, inarudi kwenye shampuu. Halafu vioo, boneti, sehemu ya juu ya milango, na mwisho kabisa sehemu ya chini karibu na madigadi, ambako uchafu ni mwingi. Ukimaliza, mwaga ndoo ya kusuuzia polepole uangalie chini. Kuna tabaka la mchanga mweusi pale. Sponji ile ya njano inaung'ang'ania kwenye uso wake na kuuburuza juu ya rangi, ilhali nyuzi ndefu za glavu zinauficha ndani mpaka uusuuze.

Sabuni ya unga ya kufulia inakata mafuta ya nguo na inakata nta ya gari vilevile. Rangi inabaki uchi juani. Shampuu ya gari niliyonunua ni 15,000, chupa ya lita moja, na vifuniko viwili kwenye ndoo vinatosha. Anayesema ni ghali aangalie inakaa muda gani.

Jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi lolote ni maji yenyewe. Maji ya kisima ya maeneo mengi ya Dar yana chumvi. Gari ukiliacha likauke lenyewe, linabaki na madoa meupe ya duara, na yakipigwa jua la siku kadhaa hayatoki kwa kitambaa cha maji. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inayatoa, hasa kwenye vioo, mradi usuuze mara moja. Lakini afadhali yasitokee kabisa. Osha asubuhi mapema au jioni, kivulini, bodi ikiwa ya baridi, na uwe na taulo kubwa ya maikrofaiba ya kukaushia. Huisugui. Unaitandaza kwenye boneti, unaivuta taratibu kukuelekea, inanyonya. Mimi suuzo la mwisho nalifanya kwa maji ya mvua au ya bomba nikiwa nayo, ya kisima yanaishia kwenye rimu. Taulo hizi zifue peke yake, bila dawa ya kulainishia nguo, maana ile inaziba nyuzi na taulo inaacha kunyonya.

Kunguru. Anayeegesha chini ya mwembe Dar es Salaam anajua ninachosema. Kinyesi cha ndege kina asidi, na juani kinaila rangi haraka sana. Mashine ya presha inashawishi hapa, unaona ukilisogelea doa litaruka. Linaruka, ila mbegu na vichanga vilivyomo vinaondoka vikichora. Lowesha kipande cha taulo, kiweke juu ya doa, kiache dakika chache, kisha kinyanyue badala ya kufuta. Utomvu wa mwembe ni mkaidi zaidi, unataka spiriti kidogo kwenye kitambaa na mkono mwepesi, kisha maji.

Umbali wa bunduki: anza mita moja, usishuke chini ya sentimita 30, na nozeli iwe kwenye mpigo mpana, si ule mwembamba wa sindano. Baadhi ya magari tunayoyapokea kutoka Japani yana kona ya bampa iliyowahi kupakwa rangi upya, na rangi ya namna hiyo ikiwa na ufa, presha inaibandua. Ubavu wa tairi usiusogelee. Mipira ya milango na vioo, pita kwa pembeni. Injini usiipige kabisa. Altaneta, plagi na soketi za nyaya hazipendi maji ya kasi, na bili ya fundi umeme wa magari mnaijua. Kitambaa chenye unyevu na brashi vinatosha huko.

Umeme na maji havicheki na mtu. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu inapata moto kwa mashine ya wati 1,400, kwa hiyo tumia yenye waya mnene, ikunjue yote, na kichwa chake kiwe juu ya stuli, si kwenye dimbwi. Vaa ndala za mpira au mabuti. Watoto wakae mbali na bunduki, kwani maji haya yanapasua ngozi.

Kasoro sasa. Mpira wa presha ni mgumu, unajikunja wenyewe na kuivuta mashine ianguke, na mita tano hazitoshi kulizunguka gari, hivyo unahamisha mashine na pipa katikati ya kazi. Kelele ni nyingi, Jumapili asubuhi majirani hawakupendi. Baada ya matumizi ya miezi michache kiungio cha plastiki cha upande wa maji kuingia kilianza kuvuja. Risiti ya dukani imeandikwa dhamana ya miezi sita, lakini nilipoirudisha nikaambiwa dhamana ni ya motari, si ya "vitu vidogo". Fundi wa pampu mtaani aliweka mpira wa duara wa shilingi 500 na hadithi ikaisha. Ushauri: siku ya kununua mwambie muuzaji aiwashe na ndoo ya maji mbele yako, na aandike kwenye risiti dhamana inahusu nini. Akianza kuzunguka, duka la pili liko hatua tatu.

Kwa ndani ya gari mashine haikusaidii chochote. Kapeti za mpira ndizo pekee zinazofurahia presha. Siti na sakafu ni vakyumu, dashibodi ni kitambaa chenye unyevu kidogo. Yale mafuta ya kung'arisha dashibodi siyapendi, yanakusanya vumbi na yanarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele wakati wa jua. Ya tairi sawa, lakini paka ubavuni tu, usiguse sehemu inayokanyaga lami wala diski za breki.

Ukishaosha, vaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi upitishe kwenye boneti. Ukisikia vichembe, rangi ina uchafu ulioganda ambao shampuu haiutoi. Huo unatolewa na udongo maalumu wa kusafishia rangi ukitumika na maji mengi ya shampuu, mara moja au mbili kwa mwaka, na kipande kikidondoka chini kitupwe. Baada yake paka nta. Mimi natumia ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii moja na mnazi. Inapendeza sana kwenye nyeusi lakini kwa jua letu ni suala la wiki, si miezi. Za kutengenezwa kiwandani zinadumu zaidi, ingawa mng'ao wake ni wa baridi kwa macho yangu.

Hesabu ya mwisho: mashine 190,000, bunduki ya povu 25,000, shampuu 15,000, taulo na glavu 20,000. Jumla 250,000. Vijana wa jirani wanaosha ndani na nje kwa 7,000, maana yake pesa hii ni kama maosho 36. Ukiosha kila wiki, inarudi baada ya zaidi ya miezi minane, na bado unatoa saa moja na nusu yako kila mara. Muuzaji anayekuambia utaokoa pesa mwezi wa kwanza anakutania. Mimi sikuinunua kwa ajili ya kuokoa pesa, nimeinunua kwa ajili ya rangi nyeusi.

Nikinunua leo nachukua wati zilezile, nadai mpira wa mita nane hata kwa nyongeza ya 20,000, na kiungio cha shaba badala ya plastiki. Vingine vyote viko sawa.