Mbinu ya Saaty katika kumteua mkandarasi: tathmini ya mtumiaji

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya zabuni iliyotafuta mkandarasi wa jengo la ghorofa tatu, na tulitumia mbinu ya kulinganisha vigezo viwili viwili, iliyoasisiwa na mwanahisabati Thomas Saaty katika miaka ya 1970. Ninaisifu, ila kwa sababu isiyotajwa sana.

Kila kigezo hupambanishwa na kingine kwa kipimo cha 1, yaani vina uzito sawa, hadi 9, yaani kimoja kinakizidi kingine kwa mbali kabisa. Vigezo vyetu vilikuwa bei, uzoefu, uwezo wa kifedha, mitambo na muda wa kukamilisha kazi, hivyo tulilinganisha mara 10.

Manufaa makubwa niliyoyaona hayakutoka katika alama za mwisho ambazo mbinu huwapa wazabuni, bali katika hesabu inayopima kama majibu yanapatana. Ukisema uzoefu una uzito mara 3 ya bei, na bei mara 2 ya mitambo, uzoefu unapaswa kuwa mara 6 ya mitambo. Ukijibu mbali na hapo, hesabu hukuumbua, na kiwango cha kutopatana kinachozidi 0.10 hukutaka uyapitie majibu upya. Chetu kilifika 0.21. Tulikuwa tumeuweka uzoefu juu ya bei, bei juu ya muda, kisha muda juu ya uzoefu, na katika mjadala wa saa nzima hakuna aliyeligundua hilo. Kumbe baadhi yetu waliposema uzoefu walihesabu umri wa kampuni, na wengine walihesabu majengo ya aina hiyo ambayo kampuni imeshayakabidhi.

Kasoro zipo. Kuongeza au kuondoa mzabuni mmoja kunaweza kupindua mpangilio wa waliobaki, jambo ambalo watafiti Belton na Gear walilionyesha mwaka 1983; kwa hiyo wasiotimiza masharti ya lazima waondolewe mapema. Vigezo 10 vingehitaji ulinganisho 45, mzigo unaochosha mno. Tena mbinu haiwezi kutambua cheti cha kughushi, na kwa hilo hakuna njia ila kwenda kuyakagua majengo yenyewe.

Nitaitumia tena, mradi uzito wa vigezo uamuliwe na kuandikwa katika nyaraka za zabuni kabla ya bahasha kufunguliwa, kwa kuwa mjumbe aliyekwisha kuziona bei hupima vigezo huku tayari ana mkandarasi wake moyoni.