rioxarray mbele ya rasta isiyo na mfumo wa majiranukta

Maktaba ya rioxarray, inayoziunganisha xarray (ya data za mihimili mingi yenye majina) na rasterio (ya kusoma na kuandika rasta) ndani ya Python, husifiwa zaidi kwa wepesi wake wa kukata, kubadilisha na kuhifadhi data za gridi, yaani rasta. Mimi naipima kwa jambo moja tu, lile linalowakwamisha wengi: inafanya nini pale faili inapofunguka vizuri, thamani zikasomeka na picha ikachoreka, lakini mfumo wa majiranukta (CRS), unaoeleza namba za mahali zinasomwaje juu ya dunia, haupo? Kwa kipimo hicho naiona ni maktaba ya kuaminika, kwa sababu haibahatishi. Kasoro yake ni kwamba hukaa kimya pale hasa ambapo mtumiaji angehitaji kuambiwa.

Ukifungua rasta kwa open_rasterio kisha ukaiuliza rio.crs, unaweza kupata None, yaani hakuna kitu, bila onyo lolote kutangulia. Rasterio iliyo chini yake hutoa onyo faili ikikosa vipimo vya kuiweka seli mahali pake, lakini faili yenye vipimo hivyo na isiyo na mfumo hupita kama iliyokamilika. Tatizo hujitokeza baadaye, unapoita rio.reproject na kukutana na kosa la MissingCRS. Ujumbe wa kosa hilo ni mzuri, kwani unataja moja kwa moja kuwa utumie rio.write_crs, ila kati ya mstari wa kufungua faili na mstari ulioanguka panaweza kuwa na kurasa nzima za msimbo, na mfumo huenda ulipotelea popote humo. Ndiyo maana nashauri rio.crs ichapishwe mara tu baada ya kufungua faili, na tena baada ya kila hatua kubwa, hadi itakapojulikana ni wapi None inaanzia.

Mara nyingi huanzia kwenye faili yenyewe. Gridi ya maandishi yenye kiambishi cha .asc hubeba idadi ya safu na mistari, kona ya chini kushoto, ukubwa wa seli na thamani ya pengo, basi. Mfumo wake hukaa katika faili jirani ya .prj, ambayo husahaulika mtu anapomtumia mwenzake data. Hali ni hiyo hiyo kwa picha inayotegemea faili ya .tfw, yenye vipimo vya mahali tu. Kwa NetCDF, aina ya faili inayobeba vigezo vingi pamoja, jambo lina undani zaidi. Kanuni za CF, makubaliano ya kuandika data za hali ya hewa na tabianchi, huruhusu kigezo kitaje, kupitia sifa ya grid_mapping, kigezo kingine chenye maelezo ya mfumo, na hulazimisha hivyo pale gridi isipokuwa ya latitudo na longitudo, lakini faili nyingi za hali ya hewa huja na latitudo na longitudo peke yake. Hata pale maelezo yanapokuwepo, ukifungua kwa xr.open_dataset bila kuandika decode_coords="all", kigezo hicho hubaki miongoni mwa data za kawaida, na ukichagua mvua au joto peke yake unakiacha nyuma. Faili ilikuwa nzima. Ni namna ya kuifungua iliyoipunguza. Vilevile, mihimili iliyopewa majina ya lon na lat bila sifa za CF haitambuliwi yenyewe, hivyo itabidi uitaje kwa rio.set_spatial_dims kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kinachonifanya niithamini maktaba hii ni mahali inapouhifadhi mfumo. Huuweka katika jiranukta iitwayo spatial_ref, ambayo ukiichapisha unaona namba 0 tu, na wapo wanaoifuta wakidhani ni takataka iliyoletwa na usomaji. Thamani hiyo ya 0 haina kazi. Kazi iko katika sifa zake, hasa crs_wkt, yenye maelezo yote ya mfumo. Mpangilio huu una manufaa makubwa, kwa kuwa katika matoleo mengi ya xarray hesabu ya kawaida, kama kuzidisha rasta kwa 0.1, huondoa sifa za data lakini huziacha jiranukta. Hata hivyo, kama faili ilikuja na kigezo kilichoitwa crs, hesabu hiyo hiyo inaweza kukata kiungo cha grid_mapping, na maktaba ikaenda kutafuta jina lake la kawaida la spatial_ref na isilikute. Tiba ni kuita rio.write_crs tena baada ya hesabu.

Hapa ndipo nina lalamiko la pili. Kuna rio.set_crs na rio.write_crs, na majina hayo hayamwonyeshi mgeni tofauti iliyopo. Ya kwanza haiandiki chochote ndani ya data, kwa hiyo tangazo lake halidumu. Ya pili huandika, lakini hurudisha nakala mpya, na asiyeipokea nakala hiyo kwa alama ya usawa ataendelea kuona None huku akiamini ameshatibu. Wala write_crs haihamishi seli hata moja. Inatangaza tu namba zilizopo ni za mfumo gani, na kuhamisha ni kazi ya reproject.

Kwa hiyo naomba sana mtu asiandike EPSG:4326, namba ya mfumo wa nyuzi za latitudo na longitudo, kwa mazoea ili kosa liondoke. Tazama kwanza rio.bounds. Namba zilizo kati ya -180 na 180 kwa mashariki-magharibi zinaelekea kuwa nyuzi. Zikianzia 0 na kuishia karibu na 360, kama ilivyo katika data za hali ya hewa za ERA5, bado ni nyuzi, ila nusu ya dunia itahitaji kusogezwa. Ukiona 500,000 kwa mlalo na mamilioni kwa wima, yamkini ni UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda, kwa mita, lakini namba peke yake haziwezi kukuambia ni kanda ipi, maana kanda zote 60 hutumia 500,000 hiyo hiyo katikati yake. Gridi za sinusoidi za MODIS, kihisi cha setilaiti, nazo hutumia tufe la nusukipenyo cha mita 6,371,007.181, wala hazitoshei katika 4326. Write_crs hupokea maelezo yake kamili kama maandishi ya PROJ, maktaba ya kubadilisha majiranukta. Baada ya kutangaza, chora rasta juu ya mstari wa pwani unaoujua. Bahari ikiangukia nchi kavu, tangazo si sahihi, hata kama msimbo umekwenda hadi mwisho bila kosa.

Ipo hali moja ambayo si ya faili wala ya msimbo: ujumbe kwamba proj.db haionekani. Hiyo ni hifadhidata ya PROJ yenye namba za EPSG, na hukosekana zaidi pale nakala mbili za GDAL, maktaba ya kusoma rasta ambayo rasterio huitegemea, zinapokutana katika mazingira mamoja, au PROJ_LIB, ambayo katika matoleo mapya huitwa PROJ_DATA, inapoelekeza kwenye folda isiyo yake. Hapo write_crs haitasaidia. Tengeneza mazingira mapya, sakinisha maktaba zote kutoka chanzo kimoja, kisha fungua faili ile ile tena.