Matembezi ya reli katikati ya jiji: punguzeni simba, ongezeni landhi (nyumba za wafanyakazi wa reli)

Kwa wanaouliza kama yale matembezi ya Jumamosi ya "Nairobi, mji wa reli" yanafaa: yanafaa, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye tangazo lao. Ni shilingi 1,500 kwa kichwa, chai na mandazi humo humo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba hivi. Kiingilio cha makumbusho unajilipia. Kundi letu lilikuwa na wanafunzi kadhaa wa uchoraji ramani za majengo, nyanya mmoja na mjukuu wake, mimi niliyelelewa Makongeni na baba wa karakana ya reli, na mzee wa Kimarekani kutoka North Platte, Nebraska. Mzee huyo hakulipwa na mtu, lakini ndiye aliyetuongoza kweli.

Tulianzia stesheni ya zamani, pale Moi Avenue inapoishia. Kiongozi wetu, kijana mchangamfu mwenye kispika shingoni, alisema reli ilifika hapa Mei 1899. Sawa kabisa. Kisha akazama kwa simba wa Tsavo, wale waliowala wajenzi wa reli, na mikono akaifanya makucha. Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli ile, ambao karibu 2,500 kati yao walifariki, walipata sentensi moja.

Nyanya akamkata: "Mwanangu, hao simba tumewasikia. Kwa nini mji uliwekwa hapa?" Kijana akasema ni kwa sababu ya hali ya hewa nzuri. Hapana. Pale palikuwa kinamasi! Ilikuwa kama maili 327 kutoka Mombasa, maji yapo, ardhi ni tambarare, na mbele kidogo mwinuko wa Kikuyu unaanza, kisha mteremko wa Bonde la Ufa. Wahandisi walitaka uwanja wa kupangia mabehewa na kuwekea karakana kabla ya kupanda mlima. Mwaka uleule Ainsworth, ofisa wa kikoloni, akahamisha ofisi yake ya serikali kutoka Machakos ili aifuate reli. Hakuna aliyekaa chini akachagua mahali pa kujenga jiji, na athari zake zilionekana upesi: tauni ilipoingia 1902, bazaa, yaani soko la Wahindi, ilichomwa moto kuizuia.

Hapo ndipo mzee wa Nebraska alipofungua mdomo. Kwao, alisema, ni vivyo hivyo. Kampuni ya reli ya Union Pacific ilifika 1866, maelfu ya watu wakajazana kwenye mahema na mabaa mwisho wa reli, wakakaa hapo majira ya baridi. Mwaka uliofuata reli ikasonga hadi Julesburg, Colorado, na wengi wakakunja mahema wakaifuata. Waliobaki walikuwa hasa watu wa karakana na banda la injini, na mji wa leo ukakua juu yao. Wanafunzi waliacha simu zao wakamsikiliza.

Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, yanastahili safari hata bila kundi. Hapa simba anaruhusiwa, maana behewa lenyewe lipo: lile ambalo Ryall, ofisa wa polisi, alinyakuliwa humo na simba pale Kima mwaka 1900. Watoto hulipenda. Mimi hukaa kwa Mount Gelai, injini namba 5918. Ziliundwa 34 za aina hiyo na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na uzito wa kila moja unapita tani 250. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozishinda ukubwa. Baba alikuwa akisema fundi aliyeingia tumboni mwake kukarabati alitoka na masizi hadi kwenye meno. Mzee wa Nebraska alichuchumaa kati ya reli, akapima upana kwa buti, akatikisa kichwa: zao ni milimita 1,435, kama hii mpya yetu ya Syokimau, na injini hili nene linasimama juu ya mita moja tu.

Kutoka hapo ni mwendo wa jua kali hadi Muthurwa, mtaa wa landhi. Kampuni inauita "sehemu ya soko", na kijana alikuwa tayari kutupitisha mbio. Tukakataa. Chai ilikuwa kwenye kibanda, mandazi ya moto, iliki ya kutosha, na ndiyo iliyokuwa saa bora ya siku nzima. Niliwaeleza kuhusu landhi: chumba kimoja familia nzima, bomba la pamoja nje, king'ora cha karakana kikiamsha mtaa mzima, awe mfanyakazi wa reli au la. Mzee naye akasimulia kantini ya stesheni yao. Kuanzia Krismasi ya 1941 hadi Aprili 1946, akina mama wa vijiji vya karibu walilisha zaidi ya wanajeshi milioni sita waliopita kwa treni, kila treni ikisimama dakika chache tu. Nyanya akauliza unga ulitoka wapi wakati wa vita. Walichanga majumbani, akajibu.

Kisha likaja jambo ambalo matembezi haya yangefaa kuanza nalo. North Platte bado ina Bailey Yard, uwanja mkubwa kuliko wote duniani wa kupangia mabehewa, na watu wake ni elfu 23 hivi. Treni ya abiria haijasimama hapo tangu 1971, na stesheni yenye kantini ilibomolewa 1973. Sisi, sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, treni ya Mombasa imehamia Syokimau tangu 2017, lakini stesheni yetu kuukuu bado hujaa jioni watu wa Ruiru na Embakasi wakirudi nyumbani. Kijana alizima kispika akaanza kuandika kwenye simu. Nadhani atafika mbali.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nne mkifika Muthurwa bila haraka. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, bebeni kofia, na mkiwa na mzee wa reli nyumbani, mlipieni aje.