AA-T ya Historia katika vyuo vya jamii vya California: ada nafuu, masharti si haba

AA-T ni digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii, inayomwandaa mtu kuhamia chuo kikuu. Tuanze na bei, maana ndiyo inayowavuta watu. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa kozi), kiwango ambacho hakijabadilika tangu 2012. Kozi ya kawaida ya historia ina yuniti 3, yaani dola 138. Digrii nzima ya yuniti 60 ni dola 2,760 kabla ya vitabu, maegesho na ada ndogondogo. Mwenye kipato cha chini akipewa California College Promise Grant, hata hizo 46 zinafutwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo ya shahada ya historia nchini Marekani, ni vigumu kupata mpango unaoushinda huu.

Bei hiyo lakini ni ya mkazi. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1, au mtu aliyehamia juzi kutoka Texas, anaongezewa ada ya wasio wakazi, mara nyingi zaidi ya dola 300 kwa kila yuniti. Ukazi huhesabiwa mwaka mmoja na siku moja kabla ya mhula kuanza, na ofisi ya udahili itataka ushahidi: leseni ya udereva ya jimbo, fomu za kodi, mkataba wa nyumba. Uliyebakiza miezi miwili kutimiza mwaka, subiri mhula unaofuata. Kuwahi darasani hakulipi tofauti hiyo.

Jina kamili la kinachouzwa hapa ni Associate in Arts for Transfer, kwa kifupi AA-T. Kati ya yuniti 60, angalau 18 ni za historia yenyewe: Marekani mpaka 1877, Marekani kuanzia 1865, kozi mbili za historia ya dunia au ya nchi za Magharibi, na mbili za kuchagua. Zilizobaki ni masomo ya jumla, ambayo tangu 2025 yanafuata mpango wa Cal-GETC, pamoja na kozi za kujazia. Kozi za historia zinadai gredi ya C kwenda juu. Ukimaliza, mfumo wa CSU (California State University, vyuo vikuu vya jimbo) umeahidi kukupokea kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ukiwa umebakiza yuniti 60 za shahada. Soma ahadi hiyo vizuri: umehakikishiwa nafasi katika mfumo, si katika kampasi unayoitamani. Wengi huligundua hili barua zikishatoka.

Anayelenga UC (University of California, mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya jimbo) afuate njia nyingine. Kampasi sita (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) hutoa dhamana ya kupokelewa iitwayo TAG, na fomu yake hujazwa Septemba 1 hadi 30, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Kabla ya kusajili kozi hata moja, fungua assist.org, chagua chuo chako upande mmoja na chuo kikuu upande wa pili, kisha soma kozi gani inapokelewa badala ya ipi. Ukurasa huo uuamini kuliko maneno ya mtu yeyote, mshauri wa masomo akiwemo. Hasara kubwa katika mpango huu huanzia hapa: mtu anabeba yuniti 75, na chuo kikuu kinahesabu 55 tu kuelekea shahada yake.

Na darasani je? Ufundishaji ndio sehemu tunayoipa alama za juu. Madarasa ni madogo kuliko kumbi za chuo kikuu, na insha yako husahihishwa na mwalimu mwenyewe. Aliyelelewa na insha za mitihani ya NECTA ya Tanzania, yaani utangulizi, hoja sita na hitimisho, ataumia kwenye insha ya kwanza. Chukua swali linalorudi kila mara: kwa nini Ujenzi Mpya wa Kusini (Reconstruction, juhudi za kuijenga upya Kusini ya Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe) ulikufa kufikia 1877? Mzoefu wa hoja sita ataorodhesha mdororo wa uchumi wa 1873, Ku Klux Klan, uchovu wa Kaskazini, mapatano ya 1877, na kuendelea. Kila hoja ni sahihi, na gredi inatoka C. Kinachotakiwa ni msimamo unaoweza kupingwa. Kwa mfano: vurugu zilishinda kwa sababu Mahakama ya Juu iliwaachia watendaji, na ushahidi ni mauaji ya watu weusi huko Colfax, Louisiana, ya 1873, na hukumu ya Mahakama hiyo katika kesi ya Cruikshank ya 1876 iliyowafutia hatia waliotiwa hatiani. Hoja mbili zilizochimbwa, tanbihi kwa mtindo wa Chicago, na aya moja inayomjibu anayelaumu uchumi. Hapo ndipo A inapopatikana.

Upande wa Afrika ni mwembamba. Kozi ya dunia mpaka 1500 hupitia Kilwa na safari ya Ibn Battuta ya 1331 kwa haraka, na inayofuata inaanza Vasco da Gama akiwa ameshapita Malindi 1498, kwa hiyo pwani yetu inaweza kudondoka katikati ya kozi mbili. Baadhi ya vyuo vina kozi ya historia ya Afrika inayohesabika kwenye zile za kuchagua, lakini haifundishwi kila mhula, na wasipojiandikisha wa kutosha inafutwa. Uwe na kozi ya akiba.

Hesabu muda kwa ukweli. Yuniti 3 ni saa 3 za darasa na saa 6 hivi za kusoma kila wiki. Kozi hiyohiyo ikibanwa kwenye wiki 6 za kiangazi inakula zaidi ya saa 20 kwa wiki. Mwenye zamu za usiku asiiguse. Ukiona umezidiwa, jitoe kabla ya tarehe ya sensa (siku chuo kinapohesabu waliojiandikisha), kwa kawaida karibu asilimia 20 ya mhula, na kozi haitaonekana kwenye transkripti. Baada ya hapo unapata W, alama ya kujitoa. Anayepokea Pell Grant (msaada wa serikali kuu kwa wenye kipato cha chini) akiacha kozi zote kabla ya asilimia 60 ya mhula anaweza kudaiwa sehemu ya fedha, na W zikirundikana msaada wenyewe unasimamishwa.

Vitabu visikuumize. Kwenye ratiba tafuta alama ya gharama sifuri ya vitabu. Kozi nyingi za historia hutumia vitabu vya OpenStax, ambavyo ni bure mtandaoni.

Anayetaka cheti cha kumpa kazi moja kwa moja asichukue hii. Kufundisha historia sekondari huko California kunadai shahada na leseni ya ualimu wa sayansi ya jamii, na AA-T ni nusu tu ya njia kuelekea hiyo shahada.