Pegola ya paa la kufungua na kufunga: yetu ya Forest Mpya, Mbeya

Watu wengi wakisikia pegola, yaani kibanda cha nguzo kilicho wazi pembeni, wanafikiria kivuli. Hapa Mbeya kivuli tunacho tele, kinachotutesa ni baridi. Mji uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti asubuhi ndani ya nyumba huwa na baridi kuliko nje juani. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na vidole vilivyoganda havishiki sindano. Nilitaka mahali pa kazi nje, lakini sikutaka paa la kuninyima jua kipupwe kizima ili tu linikinge na mvua za Novemba hadi Aprili.

Tuliyofunga, kwa sehemu ya kiinua mgongo cha baba watoto, ni ya alumini, mita 4 kwa 3, nguzo nne, mbele ya mlango wa jiko. Paa lake ni vibao virefu vinavyozunguka kwa pamoja kwa mota ndogo ya volti 24. Ukivisimamisha, jua linaingia. Ukivilaza, kila kibao kinashika ukingo wa mwenzake na maji hayapiti.

Kipimo changu ni kitambaa cheusi. Kushona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi chini ya bati ni mateso, hata ukiwasha taa. Bati la kupitisha mwanga tulikuwa nalo kwenye banda la zamani: saa sita joto halivumiliki, na likikaa sana juani linageuka njano. Hapa nageuza vibao kidogo kidogo hadi mwanga unaangukia pale sindano inapozama, na jua halinipigi machoni. Likipanda, nageuza tena. Kazi ya shela na suti za harusi sasa naifanyia nje, na wateja wanaona rangi ya kitambaa ilivyo kweli kabla hawajalipa.

Wauzaji hawakuambii mpaka uwaulize: urefu wa vibao uelekee wapi? Vyetu vimepangwa kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo vinalifuata jua, asubuhi vikifungukia mashariki na alasiri magharibi. Vikipangwa kutoka mashariki kwenda magharibi, vinafaa zaidi kwa jua la saa sita la Juni, ambalo kwetu huegemea kaskazini. Amua kwanza unataka kukaa nje saa ngapi, ndipo fundi achimbe mashimo ya nguzo.

Tuje kwenye mvua, maana pegola hupimwa hapo. Mvua ya milimita 30 juu ya mita za mraba 12 ni lita 360 za maji. Yanakimbia kwenye mifereji ya vibao, yanaingia kwenye gata iliyofichwa ndani ya boriti za pembeni, kisha yanashuka ndani ya nguzo. Kampuni iliyotufungia ilifanya kazi safi huko juu. Chini ikayatoa maji juu ya pevingi, hatua moja tu kutoka msingi wa nyumba. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, maji yakafika kizingiti cha jiko. Nilipowapigia, wakanijibu, "Mama, hiyo sasa ni kazi ya fundi bomba." Sikubaliani nao hata leo. Anayeuza paa anauza na njia ya maji. Fundi wa mtaani ndiye aliyeunganisha bomba kutoka kwenye nguzo hadi kwenye simtanki, na msimu wa mvua maji ya kufulia hatununui tena. Kabla hujalipa, dai uonyeshwe maji yatatokea wapi.

Mvua ikikatika usifungue yote kwa mkupuo. Mimi nafungua upenyo wa kidole, nangoja vibao vichuruzike upande wa gata, ndipo naendelea. Ukiharakisha, matone yote yanaishia mezani.

Kuna sensa ya mvua inayofunga paa yenyewe, na inafanya kazi vizuri. Imeshaokoa nguo za watu nikiwa sokoni Mwanjelwa. Lakini sensa na mota vyote vinataka umeme, na kwetu umeme hupenda kukatika wingu likiwa ndiyo kwanza linashuka kutoka mlima Loleza. Ndiyo maana tulikataa ile ya bei nafuu isiyo na hendeli ya kuzungusha kwa mkono. Hii yetu hata mama mkwe anaifunga mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kiti chake.

Kelele ya mvua ni ndogo kuliko ya bati, kwa kuwa vibao vina uwazi ndani. Mvua ya mawe iliacha vishimo vichache ambavyo ukiwa chini huvioni. Majani ya mparachichi yanaziba gata, kwa hiyo kabla ya Novemba lazima mtu apande ngazi azibue. Usiku wa Julai pegola haisaidii kitu, baridi inapita pembeni kama kawaida. Hapo ni jiko la mkaa na kitenge kizito, au kuingia ndani.

Bei inauma. Fedha tuliyotoa ingetosha mabanda matatu ya bati ya ukubwa huohuo. Kwa Mbeya mjini na Iringa, penye kiangazi kirefu chenye jua na baridi, naona inastahili, hasa kwa anayefanyia kazi nyumbani au anayeishi na mzee anayependa kuota jua. Kwa Tukuyu, penye mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ningejenga paa la kudumu. Na ndugu zangu wa Makambako, kwa upepo ule, mwombeni muuzaji awaandikie kwenye risiti ni kasi gani ya upepo paa limepimwa nayo, na nguzo zishikwe na bolti ndani ya zege, si juu ya pevingi.